Kuipima Sculptor: shajara ya mradi wa maada ya giza

Januari, wiki ya pili

Mradi umekubaliwa rasmi. Swali lake naliweka hapa juu kabisa, ili siku nitakapozama kwenye majedwali nijue pa kurudi: galaksi kibete ya Sculptor imebeba maada ya giza (kitu kisichoonekana, tunachokijua kwa mvutano wake tu) kiasi gani, na maada hiyo imejipangaje kuelekea katikati? Nusu ya kwanza ya swali ina jibu ambalo watafiti wengi hawabishani nalo. Nusu ya pili inagombaniwa tangu miaka ya 1990, na ndiyo iliyonivuta.

Kwa nini galaksi ndogo? Katika galaksi kubwa kama yetu, Njia Nyeupe, nyota na gesi zimesongamana katikati hadi mvutano wake unafunika ule wa maada ya giza. Anayetaka kuijua tabia ya maada ya giza hana budi kwenda mahali ambapo vitu vingine ni vichache. Sculptor inatoa mwanga wa Jua kama milioni 2 hivi, wakati Njia Nyeupe inatoa wa makumi ya mabilioni. Humo ndimo ninamotaka kuchimba.

Msimamizi wangu alitaka sababu, akaitaja Fornax, galaksi kibete nyingine.

"Kwa nini usichukue Fornax? Nyota zake zilizopimwa ni nyingi zaidi."

"Mwalimu, Fornax inakwenda kwa mwendo unaokaribiana na wa nyota nyingi za kwetu. Kuzitenganisha ni shida. Sculptor imejitenga."

"Haya, mwanangu. Ila usije ukaniletea habari za katikati kabla hujanionyesha nani mwenyeji na nani mgeni."

Sculptor nzima inatuacha kwa takriban kilomita 111 kwa sekunde, na Fornax kwa kama 55. Nyota za Njia Nyeupe zilizoko njiani, kati yetu na galaksi hizo, nyingi zina mwendo mdogo kuliko 111, kwa hiyo Sculptor inaonekana kama kichuguu chake chenyewe kwenye grafu. Tena iko karibu na ncha ya kusini ya Njia Nyeupe: ukiangalia upande ule unatoka nje ya sahani ya galaksi yetu kwa njia fupi kabisa, na wageni, yaani nyota za kwetu zinazokukatiza njiani, ni wachache.

Januari, mwishoni

Nimesoma historia, na imenigusa kuliko nilivyotarajia. Sculptor ilitangazwa mwaka 1938 na Harlow Shapley wa Harvard, kutokana na picha za vioo zilizopigwa Boyden, kituo cha Harvard kilichokuwa kimehamishwa kutoka Arequipa, Peru, kwenda Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1927. Muda mfupi baadaye ikafuata Fornax. Galaksi mbili za kwanza za aina hii zilijulikana kwa mwanga uliopokewa katika ardhi ya Afrika. Wanafunzi wengi wa kwetu hawajapata kuambiwa jambo hili, na nadhani wanastahili kulijua.

Shapley hakuwa na habari ya maada ya giza ndani ya doa lile. Neno lenyewe lilikuwa changa: Fritz Zwicky alikuwa ametoa hoja yake mwaka 1933, akizungumzia kundi la galaksi la Coma. Ilibidi kungoja hadi 1983, Marc Aaronson alipopima mwendo wa nyota tatu tu katika galaksi ndogo ya Draco. Nyota zile zilipishana mwendo kuliko inavyowezekana ikiwa Draco ingekuwa na nyota zake peke yake. Nyota tatu! Wapo waliotilia shaka, na walikuwa na haki ya kutilia shaka. Baadaye zilipimwa mamia, na mtawanyiko wa mwendo, yaani kiasi ambacho kasi za nyota zinapishana, ukatoka mkubwa zaidi ya aliokuwa ameupata, karibu kilomita 9 kwa sekunde.

Hesabu ya Aaronson ndiyo mzizi wa yote nitakayofanya, kwa hiyo naiandika kwa ufupi. Nyota ndani ya galaksi hizi hazizunguki kwa mpangilio kama sayari. Kila moja inashika njia yake, ikianguka kuelekea katikati na kupanda tena upande wa pili. Zikienda kasi mno, zingekimbia na galaksi ingesambaratika zamani sana. Kwa kuwa galaksi bado ipo, lazima kuwe na uzito wa kutosha wa kuzizuia. Ukijua kasi, unaujua uzito.

Februari

Data zimepatikana. Mwaka 2009 Matthew Walker, Mario Mateo na Edward Olszewski walichapisha orodha ya mwendo wa nyota katika Carina, Fornax, Sculptor na Sextans, zilizopimwa kwa darubini ya Magellan iliyoko Las Campanas, Chile. Kwa Sculptor walihesabu nyota 1,365 kuwa ni za galaksi hiyo, kwa Fornax 2,483. Orodha iko wazi kwa kila mtu. Faili zima ni dogo kuliko video fupi ya simu, na ndani yake mna miaka ya usiku wa watu mlimani.

Kila nyota imepimwa kwa mistari ya magnesi katika spektra yake, yaani mwanga wake uliotandazwa kwa rangi. Nyota ikitujia, mistari inasogea upande wa bluu. Ikituacha, upande wa nyekundu. Kosa la kipimo kwa nyota moja ni kama kilomita 2 kwa sekunde, dogo vya kutosha kwa mtawanyiko tunaoutafuta. Mistari hiyohiyo inatoa pia zawadi ya pili: nguvu yake inaashiria kiasi cha metali katika nyota (wanaastronomia huita hivyo elementi zote nzito kuliko hidrojeni na heli). Zawadi hiyo nitaihitaji Mei.

Nimechukua pia data za chombo cha angani cha Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, toleo la Juni 2022. Hapa kuna jambo ambalo rafiki zangu huuliza kila mara: ikiwa Gaia ilipima nyota zinavyosogea angani, kwa nini nisiitumie moja kwa moja kujua njia za nyota ndani ya Sculptor? Jibu liko kwenye umbali. Sculptor iko kama miakanuru 280,000 kutoka hapa. Kwa umbali huo, kilomita 9 kwa sekunde zinaonekana kama kusogea sehemu 2 kati ya 100,000 za sekunde ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya digrii) kwa mwaka. Kosa la Gaia kwa nyota moja hafifu kama hizi ni kubwa mara kadhaa kuliko hicho. Mwaka 2018 kundi lililoongozwa na Davide Massari liliunganisha Gaia na picha za zamani za darubini ya Hubble, wakapata kuona mwendo wa ndani kwa nyota chache. Kazi nzuri sana, lakini nyota chache hazinitoshi. Kwangu Gaia itakuwa bawabu wa mlangoni: kumjua mwenyeji na mgeni, basi.

Machi

Mwezi mzima umeenda kwenye uanachama wa nyota, na sijutii hata siku moja.

Njia rahisi ni kukata: weka mpaka wa mwendo, kwa mfano kati ya kilomita 80 na 140 kwa sekunde, tupa kilicho nje. Sikuipenda. Mpaka unaouweka mwenyewe unaamua mtawanyiko utakaoupata, maana ukikata mikia ya grafu umeshapunguza upana wake. Badala yake kila nyota nimeipa uwezekano wa kuwa mwenyeji, kutokana na mambo manne kwa pamoja: mwendo wake, nguvu ya magnesi, umbali wake kutoka katikati ya Sculptor, na inavyosogea angani kwa mujibu wa Gaia. Nyota yenye uwezekano wa 0.99 inachangia karibu kikamilifu, ya 0.3 inachangia kidogo.

Shida inakaa pembezoni. Katikati, nyota za Sculptor ni nyingi hata mgeni mmoja hana madhara. Ukisogea nje, wenyeji wanapungua lakini wageni wako vilevile, na wageni wachache wenye mwendo wa ajabu wanaweza kuipandisha kasi ya pembezoni kwa uongo. Mtu akiamini kasi hiyo, atadai kuna maada ya giza nyingi nje kuliko ilivyo. Gaia imesaidia hapa zaidi ya nilivyodhani: nyota kadhaa zilizokuwa na mwendo unaofaa kabisa zimeonekana zikisogea angani kwa kasi ambayo kitu kilichoko mbali vile hakiwezi kuwa nayo. Ni nyota za kwetu.

Kisha nyota pacha. Nyota inayozunguka na mwenzake ina mwendo wa ziada ambao hauhusiani na galaksi. Katika galaksi hafifu kabisa, kama Segue 1 iliyogunduliwa mwaka 2007, ambayo mwanga wake wote ni wa Jua mia tatu na kitu, mtawanyiko ni chini ya kilomita 4 kwa sekunde na suala la nyota pacha ni zito kweli. Kwa Sculptor, ambayo mtawanyiko wake ni zaidi ya mara mbili ya huo, athari ni ndogo. Nimeiweka ndani ya modeli hata hivyo. Haikubadilisha chochote cha maana.

Kitu kingine nilichokikagua: Sculptor ni pana angani, kwa hiyo mwendo wake mzima wa pembeni unajitokeza kama mzunguko usiokuwepo, upande mmoja ukionekana kuja na mwingine kwenda. Nilipotumia mwendo wa Gaia, athari imetoka chini ya kilomita 1.5 kwa sekunde kwa kila digrii moja. Nimeiondoa na kuendelea.

Aprili

Leo nimepata namba ya kwanza: mtawanyiko wa mwendo wa kilomita 9.2 kwa sekunde, na kosa la 0.2. Inalingana na iliyochapishwa. Namba hii ina maana kubwa kwangu. Ni mara ya kwanza kwa mikono yangu mwenyewe kufika pale ambapo galaksi inasema ina uzito gani.

Kutoka hapo uzito unapatikana kwa kanuni ambayo Joe Wolf na wenzake waliitoa mwaka 2010: chukua mraba wa mtawanyiko, zidisha kwa nusukipenyo kinachobeba nusu ya mwanga, kama kinavyoonekana angani, kikiwa katika parseki (parseki moja ni kama miakanuru 3.26), zidisha kwa 930, na jibu ni uzito kwa kipimo cha Jua. Kwa Sculptor, nusukipenyo hicho ni kama parseki 280. Jibu: Jua milioni 22 hivi, ndani ya miakanuru kama 1,200 kutoka katikati, maana nusukipenyo halisi ni kama theluthi nne za kinachoonekana angani. Mwanga uliomo humo ni wa Jua milioni 1 hivi. Nyota za kale kama hizi zinaweza kueleza uzito wa Jua milioni 1 au 2. Sehemu tisa au zaidi kati ya kumi za kilichomo humo hazionekani.

Nataka nikae kidogo kwenye kanuni hii, maana watu huitumia bila kuuliza kwa nini inafanya kazi. Tunachopima ni mwendo wa kuja na kwenda tu, kwenye mstari wa jicho letu. Mwendo wa kukatiza hatuuoni. Ni kama kusikiliza bodaboda usiku ukiwa kibarazani: kwa mlio unajua ipi inakuja na ipi inaondoka, lakini inayokatiza mbele yako kulia kwenda kushoto haikuambii kasi yake. Sasa, nyota nyingi zikiwa na njia ndefu zinazoingia hadi katikati, au zikiwa na njia za kuzunguka, mtawanyiko tunaouona unakuwa tofauti hata kama uzito ni uleule. Ndiyo maana uzito wa karibu sana na kitovu, au wa mbali sana, unayumba kulingana na dhana unayoweka kuhusu njia za nyota. Walichoonyesha Wolf na wenzake ni kwamba kuna sehemu moja, karibu na nusukipenyo cha nusu mwanga, ambapo kuyumba huko kunafutana. Hapo uzito unasimama imara, uwe na dhana hii au ile.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke katika mradi huu wote. Data za aina hii zinajua uzito vizuri mahali pamoja. Umbo la mgawanyo, kwamba maada ya giza imerundikana kama mwiba katikati au imetandazwa kwa msongamano ulio sawa, linahitaji angalau sehemu mbili.

Mei

Sehemu ya pili ipo, na Sculptor ni miongoni mwa galaksi chache zinazoitoa. Mwaka 2004 kundi la Eline Tolstoy lilionyesha kwamba ndani ya Sculptor mna jamii mbili za nyota. Moja ina metali nyingi, imekusanyika katikati na ina mwendo uliotulia. Nyingine ina metali chache, imeenea, na mwendo wake umechangamka. Jamii hizo zimo ndani ya maada ya giza ileile lakini kila moja ina nusukipenyo chake. Kanuni ya Wolf ukiitumia mara mbili inakupa uzito katika sehemu mbili, na ukiwa na sehemu mbili unaweza kuchora mteremko, yaani jinsi uzito unavyokua haraka kadiri unavyotoka katikati.

Walker na Jorge Peñarrubia walifanya hivyo mwaka 2011. Hoja yao ni nyepesi kuishika. Modeli ya Navarro, Frenk na White, inayotokana na uigaji wa kompyuta wa maada ya giza baridi, inasema msongamano unapanda kama mwiba kuelekea katikati. Humo uzito hauwezi kukua haraka kuliko mraba wa umbali. Msongamano ukiwa sawasawa, uzito unakua kama mchemraba wa umbali. Kwa hiyo mteremko wa 2 au chini ni mwiba, mteremko wa kukaribia 3 ni kitovu bapa. Wao walipata 2.61 kwa Fornax na 2.95 kwa Sculptor, na wakasema mwiba unakataliwa kwa uhakika wa asilimia 96 na 99.

Nimeandika programu yangu kwa Python kutenganisha jamii hizo mbili kwa magnesi, mahali na mwendo kwa wakati mmoja. Kompyuta yangu mpakato inatafuna usiku kucha. Mteremko umeangukia kati ya 2.3 na 3.4, ukiegemea 3. Nilipomwonyesha msimamizi wangu, aliangalia grafu kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Galaksi yako ni duara?"

Juni

Haikuwa duara. Picha za Sculptor zinaonyesha imebonyea, upana wake mfupi ukiwa kama theluthi mbili ya mrefu. Kanuni niliyoitumia inadhani ni duara.

Nimerudi kwenye machapisho nikiwa na swali hilo mkononi. Mwaka 2017 Louis Strigari, Carlos Frenk na Simon White walionyesha kwamba jamii zote mbili za Sculptor zinaweza kuingia ndani ya mwiba bila matatizo, mradi umeruhusu njia za nyota kubadilika kulingana na umbali. Mwaka 2018 Anna Genina na wenzake walichukua galaksi za uigaji ambazo walijua zina mwiba, wakazipima kwa njia ya jamii mbili, na baadhi zikatoka zikionekana kama zina kitovu bapa, kutegemea upande unaoziangalia.

Sikutaka kuliamini kwa kusoma tu. Nimetengeneza galaksi bandia zenye mwiba, zilizobonyea kama Sculptor, nikaziangalia kutoka pande mbalimbali na kuzipitisha kwenye programu ileile. Zilizotazamwa kutoka pande fulani zilitoa 2 au chini, kama inavyotakiwa. Nyingine zilipanda hadi kupita 2.5. Mwiba ni uleule, nyota ni zilezile, aliyehama ni mtazamaji.

Uamuzi wangu, na nitautetea: sitaandika kwamba Sculptor ina kitovu bapa. Nitaandika uzito wa sehemu mbili pamoja na makosa yake, kisha mteremko ukiwa na kosa lililopanuliwa kwa ajili ya umbo. Anayetaka kusema zaidi ya hapo kwa data hizi anaongeza kitu ambacho data hazijasema.

Julai

Kwa nini kuhangaika na mwiba? Kwa sababu jibu lake linagusa jinsi galaksi zinavyozaliwa, na pengine maada ya giza ni kitu gani hasa.

Njia ya kwanza ya kuufuta mwiba ni nyota zenyewe. Galaksi changa ikiwa na gesi, nyota kubwa zinazaliwa, zinalipuka kama supanova, na milipuko inaisukuma gesi nje kwa haraka. Mvutano katikati unalegea ghafla, na maada ya giza iliyokuwa imeshikwa humo inatanuka. Gesi inarudi, nyota zinazaliwa tena, mlipuko tena. Andrew Pontzen na Fabio Governato walieleza mwaka 2012 jinsi marudio hayo yanavyoweza kuugeuza mwiba kuwa bapa. Njia ya pili ni kwamba chembe za maada ya giza zinagongana zenyewe kwa zenyewe, wazo la David Spergel na Paul Steinhardt la mwaka 2000. Hilo likithibitika, fizikia tunayofundisha itabidi iongezewe sura nzima.

Kinachotenganisha njia hizi ni historia ya nyota. Draco iliacha kuzaa nyota zamani sana. Fornax iliendelea hadi juzi, kwa saa ya ulimwengu. Mwaka 2019 Justin Read, Walker na Pascal Steger walilinganisha msongamano wa maada ya giza katika parseki 150 kutoka kitovuni, wakaona wa Draco ni karibu mara tatu ya Fornax. Iliyozaa nyota kwa muda mrefu ndiyo iliyolegea katikati, kama hoja ya supanova inavyotaka. Sculptor imekaa kati: nyota zake nyingi zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 10, lakini hazikuzaliwa kwa mkupuo mmoja mdogo. Ndiyo maana kosa la mteremko wake lina uzito. Ukitangaza kitovu bapa mahali ambapo supanova zilikuwa chache, umeshaitikisa nadharia nzima. Tangazo la namna hiyo halipaswi kusimama juu ya dhana ya duara.

Sura ya Sculptor nimeikabidhi jana kwa msimamizi wangu. Amerudisha maoni mawili tu, yote kuhusu jedwali la uanachama: anataka safu ya Gaia itenganishwe na safu ya mwendo, ili msomaji aone kila kigezo kimemwondoa nani. Ana haki, nitalifanya.

Kinachofuata ni Fornax. Nimeshapitisha data zake kwenye programu, na kama nilivyomwambia Mwalimu Januari, wageni ni wengi na mwendo wao unaingiliana na wa wenyeji. Safari hii Gaia itabeba mzigo mkubwa zaidi. Ninaanzia pembezoni, kwenye nyota ambazo kigezo cha mwendo peke yake hakiwezi kuziamulia, kisha nitajenga galaksi bandia zilizobonyea kama Fornax kabla ya kugusa mteremko.